Kiti cha Mwimbaji

Pini ya tatu ilipokatika, Twiga alipiga magoti, akakunja kiuno cha sketi na kuanza kukishona sketi ikiwa bado mwilini mwa mwenzake. Alimwambia Chiriku abane pumzi na asicheke, maana sindano haina macho.

"Wewe umekonda, au sketi yangu imenenepa?" aliuliza, uzi ukiwa mdomoni.

Chiriku alicheka hata hivyo. Sketi ilikuwa ya Twiga, blauzi ya msichana mwingine wa sauti ya pili, na soksi hakukumbuka za nani. Viatu ndivyo vilivyokuwa vyake, navyo alikuwa amevisugua kwa masizi na mafuta mpaka vikang'aa. Hakuona haya. Wanakwaya wa shule ile waliazimana kila kitu, hata kikohozi, na Twiga, ambaye alikuwa kidato cha tatu, alimzoea kama pacha wake.

Sauti ndiyo iliyowakutanisha. Mapema mwaka ule Sista wa muziki alimsikia Chiriku akiimba peke yake kwenye mabomba nyuma ya bweni. Alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja mazoezini huku vidole vikidondosha povu. Tangu hapo sauti ya kwanza ikapata mwenyewe. Jioni, wenzao wakishatoka, Twiga alibaki naye katika chumba cha kwaya wakihangaika na aljebra. Ilimtoa Chiriku jasho, lakini aliapa hatashindwa na herufi mbili tu.

Aliyekuwa na wasiwasi ni mama yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile alimwona binti yake akichana nywele mbele ya kioo cha dirisha, akasimama nyuma yake.

"Mwanangu," alisema, "nguo ya kuazima haisitiri."

Chiriku alimjibu kwamba Sista Mkuu ameahidi. Na kweli aliahidi, tena mbele ya Sista wa muziki: mtoto aimbe vizuri kwenye sikukuu ya shule, naye ataongea na Baba Askofu habari zake siku hiyohiyo, mezani. Askofu alijulikana kwa huruma kwa watoto wa hali yake. Neno moja tu lingetosha kumpatia karo. Mama alimsikiliza, akamnyoosha kola, akaenda zake.

Kanisa la shule lilijaa mpaka vibarazani. Kila darasa lilikuwa limechora bango lake, na wale wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wamekesha wakikata maua ya karatasi ambayo sasa yalikuwa yakiwaangukia wazazi vichwani. Kwaya ilipanda roshani ya nyuma. Huko juu mtu husikika kuliko anavyoonekana.

Sista Mkuu alisimama kuwakaribisha wageni. Alisema wasichana huingia pale hawajuani, wakatoka wakiwa ndugu, na kwamba wa tajiri na wa maskini hulala safu moja.

"Katika shule hii," alimalizia, "hakuna mtoto wa kambo."

Wazazi walipiga makofi. Twiga alimfinya Chiriku kiganja.

Baada ya komunyo Chiriku aliimba peke yake. Mwanzoni sauti ilimtetemeka kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha ikapata njia. Wasichana wakageuza shingo, akina mama wakatafuta leso. Baba Askofu, aliyekuwa ameinamia fimbo yake, aliinua kichwa, akabaki ameelekea roshani mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa uzee, lakini masikio hayakuwa na ugonjwa wowote.

Alipopewa nafasi ya kusema, aliwaambia watu kwamba alikuja na hotuba ndefu juu ya shule kuwa nyumbani, lakini binti mmoja ameshammalizia kazi. Watu wakacheka. Akaomba jambo moja tu: ale chakula meza moja na binti huyo, amfahamu, na amsikie mwenyewe akisema anataka kuwa nani.

Roshani nzima ilimrukia Chiriku. Twiga alilia kabisa, akamwambia sasa mambo yameiva. Chiriku alishuka ngazi bila kujua anakanyaga wapi, akiyapanga kichwani maneno atakayoanza nayo. Chini alimkuta Sista Mkuu anamsubiri. Sista alimshika bega, akamsifu kwa upole, akamwambia apitie mlango wa nyuma kwa sababu mbele kuna msongamano.

Ukumbini meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe. Askofu alikataa kubariki chakula kabla mgeni wake hajafika. Alikuwa ameweka kiti kitupu upande wake wa kulia, na juu ya kiti ameweka kofia yake ili mtu mwingine asije akakikalia. Alionekana kama babu anayemngoja mjukuu. Mlango ukilia, anainua shingo.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Chiriku aliingia amejitanda kitambaa kichwani, aproni yake ya kila siku ya jikoni ikimfika miguuni, birika la maji ya moto mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Nyuma yake mama yake, mpishi wa shule, alisukuma toroli la sahani bila kuinua macho.

Askofu alinyoosha mikono anawe, huku akichungulia juu ya bega la aliyemwinamia.

"Mwimbaji wangu mbona haji?"

Sista Mkuu alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi.

"Wazazi wake wamemchukua mapema, Baba Askofu. Safari yao ni ndefu." Kisha, bila kugeuka, "Binti, mimina maji."