Sindano Kwenye Kola

"Bega ndilo linauma, wewe unanidunga mguu?" fundi cherehani alimuuliza tabibu wa tiba ya sindano.

"Tulia, baba. Kwa tiba hii, njia ya kwenda begani inaanzia mguuni."

Mkewe, aliyemkokota hadi pale, aliziba mdomo kwa mtandio asicheke. Mtu ameshika sindano tangu ujana, leo amefumba macho kama mtoto anayechanjwa. Lakini alimwonea huruma pia. Tangu bega likaze, mkono wa kulia haukuwahi kupanda juu ya kifua. Hata shati alimvua yeye, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Fundi alisubiri maumivu, ukaja usingizi. Akakoroma, na mkewe naye akasinzia kitini.

Tabibu aliporudi kuzichomoa, moja haikuwepo. Wakapapasa shuka, wakachungulia chini ya kitanda. Hamna.

"Ile iliyolegea?" fundi akauliza, bado ana usingizi. "Fundi haachi sindano izagae, dada. Nimeihifadhi."

"Wapi?"

Akaonyesha juu. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kola ya shati, pale pale msumarini, vile anavyozichomeka kazini kila siku.

Mkewe aliitazama kola, akautazama msumari, kisha akamtazama mumewe.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hiyo umeichomeka kwa mkono gani?"

Fundi akageuka kuutafuta mkono wake wa kulia. Ulikuwa bado uko juu, unaonyesha.