Yaya wa Valencia

Mtoto alichomoza nyuma ya bega la Ng'washi, akanyoosha kidole kwenye kioo cha simu, akasema, "Yaya." Akarudia kwa furaha, "Yaya, yaya." Picha ikayumba, likaonekana dari, simu ikakatika.

Limbu na mkewe Roza walibaki wameinamia simu mezani, sebuleni kwao Rujewa.

"Umesikia binti yako anavyoitwa?" Limbu aliuliza.

"Nimesikia yaya," Roza alisema. "Labda mtoto anakataa kitu." Walihamia huku Usangu zamani wakifuata malisho, lakini Roza bado aliwaza kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma yaya ni hapana.

"Mtoto wa Hispania atajulia wapi Kisukuma?"

"Na Kiswahili kajulia wapi?"

"Kafundishwa na anayemlea," Limbu alisema. "Binti yako amekuwa mtumishi wa ndani."

Roza aliifuta simu kwa pindo la khanga, akamrudishia.

Aibu ilimwingia Limbu hadi kwenye mifupa. Mwaka wa nne sasa alikuwa akiwasimulia watu wa mashine ya kukoboa mpunga kwamba Ng'washi anasomea Kihispania Valencia, mji wa pwani, na kwamba akimaliza atakuwa mkalimani wa mikutano mikubwa. Aliwaambia kuwa kando ya mji ule kuna majaruba ya mpunga yanayokaribia bahari. Aliwaambia kuwa barabarani wamepanda michungwa na hakuna anayechuma. Aliwaambia kuwa mafundi hutumia mwaka mzima kutengeneza masanamu marefu kuliko nyumba, kisha mji mzima hutoka kuyatazama yakichomwa moto.

"Wanalima mpunga na bado hawajakuita ukawafundishe?" Edmund, mwenye mashine, alimtania siku moja. "Mwambie binti akuulizie kibarua, mzee Limbu."

"Binti yangu hakwenda kuuliza vibarua."

Watu walicheka, naye alicheka. Sasa, kila alipokumbuka kicheko kile, alikwepa kupita mashineni.

Akaanza kuunganisha mambo. Kuna kipindi kirefu Ng'washi alidai kamera ya simu yake imeharibika, wakawa wanamsikia sauti tu. Baadaye akasema masomo yamesogezwa mbele. Na tangu aanze kuonekana tena, uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

Asubuhi iliyofuata alimpigia.

"Yule mtoto unamlea wewe?"

"Ninamlea, baba. Lakini mengine nitakueleza nikija. Niache niyaseme uso kwa uso."

"Hakuna mengine. Nimeelewa."

Akakata, akaifungia namba yake isiingie tena. Simu ya kuonana kwa picha nyumbani mle ilikuwa hiyo moja tu.

Roza hakugombana naye. Aliuliza tu, akipepeta mchele, au akimtengea maji ya kuoga, kana kwamba anauliza habari za mifugo.

"Umempigia mwanao?"

"Akiacha utumishi akarudi darasani, nitampigia."

"Kulea si wizi, baba Ng'washi."

"Na kudanganya wazazi je?"

Hapo ungo uliendelea kucheza mikononi mwa Roza.

Masika yalipoanza, presha ilimwangusha Roza jikoni. Upande mmoja wa mwili haukusikia tena. Walimpeleka hospitali Mbeya, na huko, ulimi wake ukiwa mzito, aliomba kitu kimoja.

"Ng'washi. Nimwone uso tu."

Limbu alikuwa na simu mfukoni. Aliitoa, akaitazama, akaona kwamba yeye ndiye atakayeanza kumpigia binti aliyemdanganya. Akairudisha. "Upone kwanza," alisema, akimshika mkono ulio mzima. "Ukipona tutampigia wote wawili, utamwona mpaka umchoke."

Aliamini amempa sababu ya kuinuka. Roza alifumba macho, na kabla ya kucha akafariki.

Limbu aliifungua namba ya Ng'washi ili ampe habari hiyo. Upande wa pili kilisikika kilio tu, na nyuma yake sauti ya mtoto ikiuliza kitu. "Nakuja, baba," Ng'washi alisema hatimaye. "Msimzike, nakuja."

Ndege zilimchelewesha. Wazee wa ukoo walishauri wasingoje zaidi, Limbu akakubali, wakamzika Roza. Jioni ya kesho yake teksi kutoka uwanja wa Songwe ilisimama mbele ya turubai la msiba. Ng'washi akashuka, mtoto amelala begani.

Limbu alimtazama akipiga magoti, akilia, akipokewa na shangazi zake. Alitaka kulia naye. Lakini jicho lilikuwa kwa yule mtoto. Hata kumzika mama yake, alijisemea, amekuja na kazi.

Mtoto aliamka, akatelemka, akaenda kwenye mkeka walikokaa wanawake. Alisimama mbele ya bibi mmoja mwenye khanga kichwani, akamchungulia usoni, akahamia kwa mwingine.

"Yaya?" aliuliza. Akaenda kwa wa tatu. "Yaya?"

Wanawake wakatazamana. Vijana waliokaa pembeni wakaacha mazungumzo yao. Limbu akashindwa kuvumilia.

"Mwambie huyo mtoto wa watu aache kuzunguka," alimwambia binti yake. "Yaya wake si ni wewe?"

Ng'washi aliinua uso.

"Mimi ni mama yake, baba," alisema. "Kule Valencia yaya ni bibi. Anamtafuta bibi yake wa kwenye simu."