Jogoo wa Kwenda London

Ijumaa saa nane mchana, Mukhwana aliingia saiba, duka la intaneti, na jogoo kwapani, akauliza kama barua pepe inaweza kumbeba.

Jecinta, msichana wa kompyuta, hakucheka. "Akiwa hai ama amechinjwa, mzee?"

"Hai. Mhasibu wangu anastahili heshima zake zote."

Na kweli alistahili. Jumatatu ya wiki hiyo Mukhwana alikuwa karibu kulia. Kiwanda kimoja cha Industrial Area kilimtaka apake rangi paa lote, kazi ya kumlisha mwaka mzima, lakini meneja alitaka kwanza hesabu zake za miaka miwili, zenye muhuri wa mhasibu, kabla ya Ijumaa saa sita. Asipozileta, kazi ni ya Wachira, mpaka rangi mwenzake. Na hesabu zenyewe zilikuwa risiti ndani ya mkebe wa rangi, zimefungwa kwa kurasa alizochana kwenye vitabu vya mkewe vya masomo ya hesabu kwa njia ya posta. Yeye aliona vitabu hivyo havina kazi tena.

Alianza na Thuo, mhasibu wa mtaani, mwenye meza na taipureta chini ya ngazi kule Ziwani. Thuo alijua kazi, hilo halina ubishi. Taabu ilikuwa mdomo. Alimfanyia Ndeti wa vyuma hesabu, na Jumapili haijafika mtaa wote ukajua ana pesa, Ndeti akawa mgeni wa heshima wa harambee tatu za michango. Na Mukhwana alikuwa na jambo lisilofaa kutoka nje. Nyumbani Makongeni alijulikana kama mtu wa vibarua vya kubahatisha. Mkewe Muhonja, Mama Griffins kwa majirani, karani wa reli, ndiye aliyelipa karo na kununua unga, na kila jioni walikula sukuma wiki kwa sababu, kama Mukhwana alivyopenda kusema, hali ni ngumu.

"Karibu, kontrakta!" Thuo alimpokea. "Na umwambie Mama Griffins tumemkosa sana kwaya. Tangu Januari hatujamwona mazoezini."

Mukhwana alirudisha kifuniko cha mkebe palepale. Kila Jumanne na Alhamisi jioni alimwona Muhonja, kwa macho yake mawili, akitoka na kitabu cha nyimbo. Ala! Mtu wa kuzusha uongo kama huo juu ya mke wa mwenzake, ukimwachia risiti si utakwisha?

Ndipo akakumbuka tangazo aliloliona mjini kwenye dirisha la saiba: MHASIBU KWA BARUA PEPE. HAKUJUI, HUMJUI. Huyo sasa ndiye mhasibu! Aliuliza anakaa wapi, Jecinta akajibu kwamba hao watu wanaweza kuwa popote. Mukhwana akaamua ni London.

Jumanne asubuhi alisimama mbele ya kompyuta, kofia mkononi, akajieleza huku Jecinta akichapa. Aliambiwa auache mkebe, utafikishwa. Akaugonga mgongoni na kuutakia safari njema.

Jibu lilikuja Jumatano, na lilikuwa kali. "Mwezi wa tatu umeandika lita arobaini za thina ya kuyeyushia rangi. Mwezi huo hukupaka hata mlango. Eleza. Pia taja watu wa nyumbani wanaofahamu mapato haya."

Mbele ya Thuo angezungukazunguka. Lakini mtu wa London atamwambia nani? Akamwambia Jecinta aandike ukweli mtupu: thina ni nyama choma pale soko la Burma, yeye na marafiki, kila Jumamosi, miaka miwili sasa. Na nyumbani hakuna anayejua. Mke wake akijua, yeye basi. Alipomaliza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama.

Ijumaa asubuhi bahasha ilikuwa kaunta inamsubiri. Hesabu zimepigwa chapa vizuri, thina yote imeondolewa, na chini kuna sahihi isiyosomeka na muhuri wa zambarau ambao ulimchafua kidole. Wino umetoka London na haujakauka! Mukhwana alitikisa kichwa. Wazungu ni watu wengine kabisa. Saa tano na nusu meneja alimpa mkono, na paa likawa lake.

Ndiyo maana ya jogoo. Kwa kina Mukhwana, aliyekutoa shimoni hushukuriwa kwa jogoo, na firigisi ni ya mkubwa wa nyumba peke yake. Mwanamke haigusi hata kwa mzaha. Kwa hiyo Mukhwana aliomba maneno machache yamtangulie jogoo, na Jecinta akayachapa: "Firigisi ule mwenyewe, bwana. Umeonyesha uanaume."

"Atampata leo leo," Jecinta alisema, akampokea jogoo na kumfunga kwenye mguu wa meza.

Jioni, Mukhwana alipofika mlangoni kwake, harufu ya kuku ilimpokea. Moyo ulimruka kwa furaha. Muhonja alijuaje kwamba leo ni siku ya kusherehekea? Alinawa mikono, akakaa, akavuta bakuli. Mapaja yalikuwapo. Mabawa, shingo na maini pia yalikuwapo. Alikoroga mchuzi mara mbili, akainamisha bakuli kwenye taa.

"Mama Griffins, firigisi iko wapi?"

Muhonja alikuwa akitafuna polepole, na kidole gumba chake kilikuwa na doa la zambarau.

"Si uliipeleka London," alisema. "Imefika. Sasa kaa vizuri, tuongee habari za thina."