Wimbo Uliobaki Mahakamani

Siku hizi mahakama hupokea kumbukumbu yenyewe kutoka kichwani, na ikishaipokea hairudishi, pamoja na yote yaliyofungamana nayo.

Gari la kampuni lilimgonga mume wangu, Mbaruku, likamuumiza ubongo. Wakili akaniambia, "Mama Raya, ili agharimiwe matibabu, lazima tuonyeshe alivyokuwa zamani. Yeye hakumbuki. Utatoa kumbukumbu ipi wewe?"

"Alivyokuwa akimwimbia mtoto," nikasema. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Tulishinda kesi, na Mbaruku amepata nafuu, kumbukumbu zake zimemrudia. Jana jioni alimpakata Raya, akaimba, mtoto akacheka mpaka akapata kwikwi.

"Wimbo mzuri," nikamwambia. "Umejifunza wapi?"

Akanigeukia. "Si ulinifundisha wewe, mke wangu?"

Nikatabasamu kwa adabu, kama mgeni.