Shati la Kibwana

Haya aliniambia Mashavu, mke wa Kibwana, mwaka jana tukipalilia mahindi.

Kibwana alikuwa akidai madeni ya duka moja la mikopo. Mshahara hakuwa nao. Katika kila shilingi kumi alizorudisha, yake ilikuwa moja. Lakini deni likishapita mwaka, zake zilikuwa tatu, maana madeni ya namna hiyo ni magumu.

Basi miongoni mwa wadaiwa kulikuwa na mjane, Bi Mize, fundi cherehani. Kila mwezi alimtolea Kibwana kidogo alichokuwa nacho, na Kibwana akamrudishia.

"Weka, dada. Watoto wale kwanza."

Bi Mize akawa anamwombea dua. Idi ilipofika akamshonea shati jeupe, bila malipo.

Siku deni lilipopita mwaka, Kibwana alifika asubuhi na mkokoteni, amevaa shati lile.

"Karibu kaka, chai ipo."

"Leo sinywi. Nimefuata cherehani."

Bi Mize akacheka. "Ehe! Na hilo shati likifumuka utashonewa na nani?"

Kibwana akainama, akaiinua cherehani, sare ya mtoto wa watu ingali chini ya sindano.

"Kaka, si nilikuwa nakupa, ukakataa?"

Akaipakia mkokotenini, akaondoka.

Jioni alimkabidhi mkewe pesa, akalitundika shati msumarini, akalala hapo hapo. Mashavu akaona limefumuka kwapani. Akachukua sindano na uzi, akalipakata shati. Alikaa nalo hivyo mpaka usingizi ukamchukua, uzi haujaingia tunduni.