Dundu na Donge la Ulimwengu

Nisameheni mapema, maana hekaya hii naiharibu kila nikiisimulia. Hata mke wangu huondoka kabla sijafika katikati.

Dundu mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kuvingirisha mavi, alitafuta kanuni moja ya kueleza ulimwengu mzima. Siku moja akapiga kelele: "Nimeipata! Kila kitu ni donge! Jua donge, mwezi donge, yai donge!"

"Na miiba yangu, fundi?" akauliza Nungunungu, bingwa wa kuchokoza.

"Madonge membamba."

"Loo! Nikikuonyesha kimoja kisicho donge, utaacha kutafuta?"

"Naapa, sitatafuta tena!"

Papo hapo donge alilokuwa akisukuma likapasuka, akachomoza dundu mdogo mwenye miguu sita na pembe. Kumbe Dundu alisahau kwamba mkewe alitaga humo.

"Huyo si donge! Kiapo, mzee, kiapo!" Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana.

Dundu akainama kwa huzuni. Mtoto akamvuta mguu: "Baba, aliyeapa ni wewe. Nitatafuta mimi, wewe unisukume."

Basi wanaendelea hadi leo, Dundu akimsukuma mwanawe kinyumenyume kama kawaida yake, na kila siku wanasogea. Mimi nimesimulia nikitazama mbele, na mmeona wenyewe nilivyopotea.