Lebo za Ukurasa wa Fuko

Zamani zisizo za mbali, Fuko alifungua tovuti ya kuuza dawa ya kikohozi aliyoiacha marehemu mkewe. Kwenye lebo za ukurasa, maneno ambayo watafutaji huupatia, aliandika jina la mkewe tu, Mwanaidi. Miezi mitatu hakuja mteja, na dawa ilikaribia kuharibika.

Akamwendea Buibui, anayewaongoza watafutaji mtandaoni.

"Mbona unanificha, bwana?"

"Sikufichi, ndugu yangu. Mgonjwa hamjui Mwanaidi, anajua kifua kinambana. Wewe umeandika unachokitafuta wewe."

Fuko akalifuta jina, akaandika: kikohozi, kifua kubana, watoto.

Kufikia Ijumaa chupa zote zilikwisha, na mteja mmoja, Fungo, akaagiza sita zaidi. Fuko akateleka chungu, akaipika dawa mwenyewe kwa mara ya kwanza.